Mashine ikikulelea watoto, wewe unabaki nani? Uzi wa familia katika hadithi za sayansi

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Tukizungumzia hadithi za sayansi huwa tunaishia palepale: roboti zimeasi, kompyuta imeona binadamu ni mzigo, vita imelipuka. Sizidharau hadithi hizo. Lakini zinazonikaa kichwani kwa miaka ni zile ambazo mashine haijaasi hata kidogo. Inatii kila inachoambiwa. Inapika, inaogesha watoto, inafunga kamba za viatu, inabembeleza mpaka usingizi uje. Kisha wazazi wanashtuka kwamba humo ndani hakuna anayewahitaji tena.

Ninavyowasoma mimi, waandishi hodari wa fani hii wanaonyesha kwamba upendo wa nyumbani unajengwa na kazi ndogondogo, nyingine za kero kabisa. Anayezigawa zote kwa mashine anakuwa amegawa na nafasi zake za kupendwa. Wasomaji wengi wanatoka kwenye hadithi hizi na somo la kuzima simu wakati wa kula. Somo hilo ni dogo mno kwa kazi kubwa iliyofanywa.

Chukueni Ray Bradbury, mwandishi wa Kimarekani. Mwaka 1950 alichapisha hadithi fupi ambayo leo inajulikana kama "The Veldt". George na Lydia Hadley wamenunua nyumba ya dola 30,000, na kwa bei za miaka ile hiyo ilikuwa nyumba ya wenye nazo. Nyumba inawavisha, inawalisha, inawapigia muziki. Ndani yake kuna chumba cha kuchezea watoto wao wawili, Peter na Wendy, wenye miaka 10. Kuta za chumba zinasoma mawazo ya mtoto na kuyageuza mandhari kamili, yenye sauti, harufu na joto. Siku hizi chumba kimeganda kwenye mandhari moja tu: nyika ya Afrika, jua kali, na simba kwa mbali wanatafuna kitu.

Wengi wanakimbilia simba. Naomba msimame kwanza kwa Lydia. Kabla hatari yoyote haijajulikana, anamwambia mumewe kwamba anajiona si wa nyumba ile tena. Nyumba ndiyo mke, ndiyo mama, ndiyo yaya. Atashindana vipi na bafu linalosugua watoto haraka na vizuri kuliko yeye? Angalieni alichokitaja. Angeweza kulalamikia mazungumzo au mahaba, lakini ametaja kuogesha. Mama huyu amepoteza sabuni na maji, amepoteza mtoto anayelia povu limemwingia machoni, na pamoja navyo amepoteza sababu ya mtoto kumkumbatia shingoni.

George anapozungumzia kuizima nyumba kwa muda, Peter anauliza kwa mshangao kama itabidi afunge viatu vyake mwenyewe. Baba anadhani itakuwa raha. Mtoto anaona ni balaa. Tena anasema waziwazi kwamba hataki kufanya chochote zaidi ya kutazama, kusikiliza na kunusa, maana kuna kingine gani cha kufanya? Na swichi zinapoanza kuzimwa, mtoto huyohuyo anainua uso kuelekea darini na kuiomba nyumba isimruhusu baba yake. Anafanya kile anachofanya mtoto yeyote mwenye hofu: anamkimbilia mlezi wake. Mlezi wake ni dari. Kwangu mimi hadithi inafikia kilele hapo, na simba wanaokuja baadaye kuwala wazazi wanatekeleza tu kilichokwisha kuamuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likitajwa sana. Watoto walilia wapewe dakika 1 tu ya mwisho ya chumba kile, na Lydia ndiye aliyemwomba mumewe akubali. Mzazi aliyeondolewa kila kazi amebakiwa na kazi moja, kuruhusu, na hiyo ndiyo anayoifanya mpaka mwisho.

Nawasilisha. Karibuni, hasa mnaopinga.

#2 – Mchangiaji

Mleta mada, heshima yako, ila hapa natofautiana nawe. Mimi niko mbali na watoto wangu kwa sababu ya kazi. Bila simu ya video yule wa mwisho asingeijua sura yangu. Hadithi hizi zinaandikwa kana kwamba kila mzazi ana hiari ya kukaa nyumbani akafunge viatu vya mtoto, halafu kwa uvivu wake akaamua kununua mashine. Wengine mashine ndiyo kamba pekee tuliyoshika. Tukiambiwa tunaitegemea kupita kiasi, tunaomba na sisi tuulizwe tungetegemea nini.

#3 – Mleta mada

Ndugu yangu, nimekusoma, na hoja yako ina haki yake. Ipo hadithi iliyoigusa kabla sote hatujazaliwa: "The Machine Stops" ya Mwingereza E. M. Forster, ya mwaka 1909. Mwaka 1909 televisheni bado haipo majumbani, na mtu huyu tayari anaandika simu ya video kati ya mama na mwanawe.

Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani kwake. Mashine inawaletea hewa, chakula, muziki, kitanda. Vashti anajuana na maelfu ya watu. Mwanawe Kuno anaishi upande wa pili wa dunia. Anapompigia, sura yake inatokea kwenye bamba la mviringo mikononi mwa mama, na mama anamwambia ana dakika 5 tu, kwa sababu ana mhadhara wa kutoa. Kuno anataka jambo moja: mama aje waonane ana kwa ana. Mama haelewi, si wanaonana tayari? Kijana anamjibu kwamba kwenye bamba anaona kitu kinachofanana na mama yake. Na Forster anaeleza kwamba Mashine haikuwa na uwezo wa kupitisha yale mabadiliko madogo ya uso. Ilitoa picha ya jumla, na watu waliridhika nayo.

Sasa tazama tofauti yako na Vashti. Wewe simu inakushikia nafasi mpaka ufike. Kwake yeye simu imemwondolea hamu ya kufika. Safari yenyewe haizidi siku 2 kwa chombo cha anga, lakini anaiahirisha. Akiwa njiani anapepesuka, mhudumu anamdaka asianguke, naye anakasirika kwa kuguswa. Akifika kwa mwanawe hampi hata mkono, maana watu waliolelewa vizuri hawafanyi hivyo. Kitabu cha Mashine kimeandika kwamba wajibu wa mzazi unakoma mtoto anapozaliwa, na yeye haoni ubaya wowote katika maneno hayo.

Nikusisitizie kitu: Kuno ndiye aliyepiga simu. Hakuvunja bamba, alilitumia kuomba kile ambacho lenyewe haliwezi kutoa. Ukimwambia mwanao kwenye video kwamba unahesabu siku za kurudi, unafanya alichofanya Kuno. Mgonjwa katika hadithi ile ni yule asiyehisi tena kwamba kuna kitu kimepungua.

#4 – Mchangiaji

Wakuu, mimi ni mpenzi wa Isaac Asimov, mwandishi maarufu wa hadithi za roboti, na naona mleta mada kamruka. "Robbie" ya 1940: mtoto Gloria, miaka 8, ana roboti mlezi asiyesema neno. Wanacheza kujificha, mtoto anamsimulia roboti hadithi. Mama anaona ni kitu kisicho na roho, anakiondoa, analeta mbwa badala yake. Mtoto hamtaki mbwa, anakonda kwa majonzi. Mwishowe wanapotembelea kiwanda Gloria anakimbilia mbele ya trekta, na ni Robbie anayemwokoa wakati wazazi wamepigwa na butwaa. Hapo mashine imeharibu familia gani?

Na lingine la kisayansi. Mnasema kulisha na kuogesha ndiko kunakojenga upendo. Mwanasaikolojia Harry Harlow mwaka 1958 alichapisha majaribio ya vitoto vya kima aina ya rhesus. Aliwapa "mama" wawili bandia: mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine amefunikwa kitambaa laini. Vitoto vilikwenda kwa waya kunyonya tu, kisha vikarudi kumkumbatia wa kitambaa hata kama hakuwa na tone la maziwa. Kwa hiyo anayelisha siye anayependwa. Jibu hilo mkuu.

#5 – Mleta mada

Mkuu, hapa umenipa kazi, na nashukuru.

Nianze na Harlow kwa sababu umenisaidia kunoa hoja. Ni kweli, maziwa peke yake hayakununua mapenzi. Waya ulitoa chakula bila mwili. Mzazi akilisha, anatoa vyote kwa mpigo mmoja: chakula, joto, sauti, kupigwa mgongoni mtoto acheue. Kwa hiyo kulisha ni tukio linalowakutanisha, na mashine ikilichukua inaweza kutoa chakula kilekile bila kukutanisha mtu na mtu. Halafu usiishie kwenye kitambaa. Kima waliokua bila mama halisi walishindwa kuishi vizuri na wenzao, na baadhi ya majike walipozaa waliwapuuza watoto wao au kuwaumiza. Kitambaa kiliwatuliza, lakini hakikuwafundisha kuwa mzazi.

Mwandishi Ted Chiang aliichukua hofu hiyohiyo mwaka 2011 katika hadithi ya yaya wa mashine, aliyebuniwa na mwanahisabati wa zama za Malkia Victoria akiamini yaya binadamu wana hisia nyingi mno. Mtoto aliyelelewa na mashine hiyo anafikishwa kwenye taasisi, anadhaniwa amezaliwa na akili pungufu, kumbe tatizo ni kwamba amejifunza kuitika mashine tu. Nimesoma hadithi nyingi za fani hii, na hiyo ni kati ya chache zilizonifanya niweke kitabu chini.

Kuhusu Robbie: tazama baba yuko wapi. Jumapili mchana, ameshiba, amejinyoosha na gazeti lake, anakereka akisumbuliwa. Mama anapigania kumwondoa roboti, lakini sikumbuki mahali anapokaa chini acheze kujificha na mwanawe. Analeta mbwa! Gloria anasema waziwazi kwamba Robbie kwake alikuwa mtu, rafiki yake. Mtoto hakukosea. Aliyekuwa anacheza naye ndiye aliyempenda, na Asimov, ambaye alizipenda roboti kuliko karibu mwandishi yeyote, ametuonyesha bila kukusudia kulaumu kwamba nafasi ile ilikuwa wazi kabla roboti haijaingia.

Na Asimov huyohuyo katika "The Naked Sun" ya 1957 amechora sayari Solaria: watu 20,000, kila mmoja na roboti 10,000. Watu wanatazamana kwa picha. Kukaa chumba kimoja kunawatia kichefuchefu. Watoto wanakuzwa pamoja mahali maalumu bila kuwajua wazazi. Ukipiga mstari kutoka gazeti la baba yake Gloria, unafika Solaria.

#6 – Mchangiaji

Samahani kuingilia, mimi ni mama. Mmezungumzia mashine inayofanya kazi za mzazi. Mimi inanitisha ile inayomfanya mzazi afanye kazi kupita kiasi. Katika tamthilia ya Black Mirror kuna sehemu ya mwaka 2017 inaitwa "Arkangel". Mama anampoteza binti yake kwa muda mfupi kwenye uwanja wa michezo, anapatwa na hofu, anakubali binti apandikizwe chipu kichwani. Kuanzia hapo kwenye tableti yake anaona alipo mtoto, afya yake, hata anachokiona kwa macho yake. Na akitaka, chipu inafifisha kila kinachotisha. Kuna pale babu anazidiwa ghafla mbele ya mjukuu, na mtoto anaona ukungu tu mahali alipo babu. Hakuna aliyeacha kumpenda mtoto hapo, mama yule alipenda kupita kiasi. Je, hoja yako inamhusu?

#7 – Mleta mada

Dada, asante sana, maana mfano huo umeniongezea upande niliokuwa siuoni vizuri. Nadhani inamhusu, ila kwa njia nyingine. Kazi aliyoigawa mama yule ni ya kuuliza. Mzazi anayeuliza "ulikuwa wapi, umeona nini" anampa mtoto nafasi ya kusimulia, ya kuficha kidogo, ya kuamua amwamini mama kwa kiasi gani. Tableti ikishajibu, swali halina maana tena, na mtoto anabaki mtu wa kukaguliwa. Pale kwa babu napo mtoto amenyimwa kazi yake mwenyewe katika familia: kumwona mzee ana shida na kukimbia kuita mtu.

Hapa sasa naileta hadithi ninayoiheshimu kuliko zote nilizotaja. Ni ya Ted Chiang tena, ya mwaka 2013, "The Truth of Fact, the Truth of Feeling". Watu wanarekodi maisha yao yote kwa video, na programu mpya inakuonyesha papo hapo tukio lolote unalolikumbuka. Msimulizi ni baba aliyebaki kumlea binti yake baada ya mke kuondoka. Kwa miaka amebeba kumbukumbu ya ugomvi mmoja: binti, akiwa na miaka 16, alimfokea kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mama. Amejivunia kwamba alivumilia, akamsamehe, akawa baba bora. Anatafuta video. Video inaonyesha kwamba maneno yale aliyatamka yeye, baba, akimwambia binti.

Someni polepole anachofanya baada ya hapo. Anakwenda kwa binti yake kuomba radhi, na binti hapokei kwa machozi na kukumbatiana. Yeye hakuwahi kusahau. Amebeba neno lile peke yake miaka yote, akatafuta msaada wa kitaalamu, akajenga uhusiano na baba yake juu ya jeraha ambalo baba hakujua lipo. Sasa baba anakuja na video mkononi akitarajia ukurasa ufunguliwe upya kwa siku moja. Binti ana haki ya kukasirika. Mashine imetoa ukweli kwa sekunde, lakini kazi ya kupatana haiwezi kuitoa. Hiyo inabaki yao wawili.

Sambamba na hiyo, Chiang anasimulia kijana wa Kitiv, Nigeria ya kikoloni, anayejifunza kuandika kwa mmisionari. Baadaye anakuta karatasi ya Wazungu kuhusu nasaba ambayo inapingana na wasemavyo wazee wa ukoo. Karatasi iko sahihi kwa maandishi, wazee wako sahihi kwa namna watu wanavyohitaji kuishi pamoja. Nimeitaja kwa sababu inavunja dhana kwamba mashine za kutisha ni za kesho. Kalamu na karatasi nazo ziliwahi kuingia kwenye familia na kubadilisha nani anaaminiwa, na mwandishi anatuachia tupime faida na hasara bila kutulazimisha upande.

#8 – Mchangiaji

Nafuatilia uzi tangu mwanzo, elimu tupu. Mbona wote mnazungumzia watoto? Wazee je? Nimeona filamu ya 2012, "Robot & Frank". Mzee mwizi mstaafu, kumbukumbu inamtoka. Mtoto wa kiume amechoka kuendesha gari masaa mengi kumfuata, anamletea roboti ya kumtunza. Binti yuko mbali, anapinga kwa msimamo kabisa, anakuja mwenyewe na kuizima. Baadaye anakubali iwashwe tena.

#9 – Mleta mada

Mkuu umetufungulia mlango mwingine kabisa. Binti yule wengi wanamwona mnafiki. Mimi namwona mtu aliyegundua uzito wa kazi aliyokuwa akiitetea kwa mbali. Kumlisha mzee, kumkumbusha dawa, kusafisha, kuvumilia kuulizwa swali lilelile mara nyingi: mtu mmoja hawezi bila kuvunjika. Na kaka yake alikuwa ameshaifanya kwa muda mrefu bila shukrani. Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza inahitaji mpaka. Kuna kazi zinazojenga undugu na kuna kiasi cha kazi kinachoua undugu, na kwa wazee mpaka huo unafikiwa haraka kuliko kwa watoto, kwa sababu mtoto kila mwezi anajiweza zaidi na mzee mgonjwa anazidi kutojiweza.

Hadithi nyingi nilizosoma zinachagua moja: ama mashine inachukua vyote, ama inazimwa. Natafuta ile ambayo familia inakaa chini na kugawa kwa makusudi: roboti inanyanyua mgonjwa usiku, inabeba maji, inafua, na watoto wanabakiza kumlisha na kumsikiliza, hata siku ambazo mashine ingefanya vizuri zaidi. Halafu mwandishi atuonyeshe ugomvi unaotokea humo, maana lazima utokee, nani ameruka zamu yake na kumwachia mashine. Anayeijua hadithi ya namna hiyo aiweke hapa, ya lugha yoyote. Na kama kuna anayeiandika, atuletee sura ya kwanza tuisome.